Nilivyoufunga Mguu Wangu Kama Karara

Zamani, kabla sijaota mvi hata moja, nilitumwa nipeleke tembo la mnazi kwa wakwe. Sisi Waduruma posa haisikilizwi ukienda mikono mitupu. Wazee hukaa kimya mpaka tembo liwekwe mbele yao, na likiwa bovu mnarudishwa mlikotoka. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshateremka pwani, Mwabungo, kugema, na mjomba wangu Nyawa, ndiye aliyekuwa msemaji wangu, akasema, "Tembo la posa yako utaligema mwenyewe, usininunulie la watu."

Basi nikaligema, nikalitia kwenye mtungi wa plastiki, nikaufunga nyuma ya baiskeli ya kuazima. Na hapa nilifanya kosa. Tembo huzibwa mdomo kwa makumbi, yale manyuzi ya nazi, ili lipate kupumua. Mimi sikutaka hata tone limwagike njiani, kwa hiyo nikalizibia kifuniko cha kusokota, nikakaza, kisha nikafunga na mpira juu yake. Nilijua kwamba haifai. Lakini mtu akiwa na mchumba akili huwa mahali pengine.

Nikapanda ule mlima wa kwenda Kwale nikisukuma. Jua kali. Nikaona mtungi umeanza kuvimba, umekuwa na tumbo. Nikaugonga kwa kidole ukalia kama ngoma. Ndani mlikuwa kimya, lakini ungeweka mkono ungesikia kitu kinafanya kazi mle ndani, hakina hewa wala nafasi, na bado kinafanya kazi. Niliogopa ule mtungi. Hata leo nikikumbuka naogopa. Kisha kifuniko kikaruka, na tembo lote likanimwagikia mgongoni.

Nikarudi. Mwenye baiskeli akaitaka baiskeli yake. Nikagema tena jioni, na alfajiri nikaondoka kwa miguu, kibuyu begani, kutoka Mwabungo mpaka bara ya Kinango, siku nzima. Nikawakuta wazee bado wapo. Baba mkwe akaonja, akakunja uso, akasema, "Limechacha. Lakini miguu ya kijana huyu nimeipenda."

Ndivyo nilivyompata mke wangu Mbeyu, mama Kache. Mpaka leo hunitania kwamba baba yake alimuoza kwa miguu. Na miguu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, maana sasa nimebaki na mmoja. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye mguu wake umeanza kumchoma njiani na hajamwambia yeyote. Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo usinidai mpangilio.

Ugonjwa ulianza msimu mmoja wa kusi, upepo ule wa baridi. Nilikuwa na minazi yangu ya asubuhi, mingi, nikiipanda mmoja baada ya mwingine kwa vidato nilivyochonga mwenyewe kwenye shina. Siku moja nikifika mnazi wa kumi na mbili, shavu la mguu wa kushoto likashikwa na moto. Si moto wa kuumia, ni wa ndani, kama umelikamulia ndimu. Nikasimama kidogo, ukaisha. Nikaendelea, ukarudi. Baada ya mwezi ulinishika mnazi wa tisa. Vuli ilipoingia ulinishika mnazi wa tano. Ninyi mnaohesabu dalili, hesabuni hivyo. Maumivu yenyewe hayakuongezeka. Ilikuwa ni umbali unaopungua, kama mtu anayekufungia kamba na kila siku anaivuta kidogo.

Nilificha. Na nitakwambia nilivyoficha, kwa sababu labda na wewe unafanya hivyo hivyo. Huku kwetu pwani salamu ni ndefu. Unaulizwa umeamkaje, watoto, wajukuu, mifugo, mvua huko kwenu. Basi kila mguu ulipowaka, nilimtafuta mtu wa kumsalimia. Nikitoka nyumbani kwenda dukani nasimama kwa fundi wa baiskeli, namuuliza habari za mama yake mpaka moto uishe. Nasogea, unawaka, nasimama kwa muuza mihogo. Watu wakaanza kusema mzee Tsuma siku hizi ana adabu sana. Fundi yule akaniambia siku moja, "Mzee, mama yangu umemuuliza mara mbili tangu asubuhi, na hajapata ugonjwa mpya." Nikacheka naye. Mguu ulikuwa haujapoa.

Mbeyu ndiye aliyeona. Mke hadanganyiki na salamu.

"Baba Kache," akasema, "huo mguu mmoja ni wa baridi kuliko mwenzake."

"Umeushika lini?"

"Ukilala huwa hunidai ruhusa."

Nikamwambia ni uzee. Akasema uzee huingia miguu yote miwili.

Sasa nije kwenye ujinga wangu, nao ni wa mgema, mtu mwingine asingeufanya. Tembo hutoka kwenye karara, yaani lile ua la mnazi kabla halijafunguka. Ukitaka litoe, unalifunga kwa ukindu, kamba za majani, kuanzia shina mpaka karibu na ncha, unakaza sana lisichanue. Kisha kila siku unakata kijipande cha ncha kwa kotama, kisu chetu kile cha kupinda, na maji yanashuka yenyewe. Karara lililolala unaliamsha kwa kulikaza. Miaka yote nimefanya kazi hiyo. Nikatazama mguu wangu, wa baridi, vidole vimepauka, nikasema damu imelala juu, haishuki kwenye ncha. Nikaufunga. Nikasuka ukindu mpya, nikaukaza kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo, mizunguko imepangana vizuri kabisa. Nilikuwa najivunia kazi ile. Nikatembea nao siku nne ndani ya suruali.

Siku ya tano kidole kidogo kilikuwa cheusi. Na pale kwenye kifundo, ukindu ulipokwaruza, palikuwa na kidonda ambacho hakikutoa damu. Mimi nimejikata kwa kotama mara nyingi, najua kidonda. Kidonda kisichotoa damu sikuwa nimekiona kwa mtu aliye hai.

 Mbeyu alivaa leso yake ya kutokea, akaita bodaboda, akaniketisha katikati yake na dereva kama mgonjwa wa kichwa, tukaenda Msambweni hospitali.

Kungoja kuna elimu yake. Tulikaa kwenye benchi refu, na benchi lile linasogea. Anayeitwa anatoka mwisho, wote mnasukuma makalio kwenda mbele. Nilikuwa nasogea kwa kushukuru, maana kule kukaa mguu haukuwaka. Kando yangu alikaa mama wa Kidigo mwenye mtoto wa mapele, akaniuliza nina nini, nikasema mguu, akasema "Pole, Mwenyezi Mungu atakuafu," kisha akasogea kidogo upande wa pili. Hapo nikajua kwamba ninanuka. Mbeyu alikuwa akijua tangu jana.

Aliyenifungua alikuwa sista Zainabu, mwanamke mzima wa huko huko, mikono yake mizito na mipole. Alipofika kwenye alama za ukindu akasimama.

"Mzee, mistari hii ya nini?"

Nikamweleza kazi ya kufunga karara, hata nikamwonyesha kwa kidole jinsi fundo la mwisho linavyoingia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaendelea kuosha. Nimewaona wauguzi wakikemea, nikataka anikemee. 

Baadaye, siku moja nikiwa nimeshalazwa, nilimuuliza kwa nini mguu unachoma. Sitaki kukujaza udaktari, na wala sijui, lakini hili moja nalieleza kwa sababu ndilo lililoniokoa. Akaniambia, "Nyama ya mguu inakula hewa, mzee, na hewa inaletwa na damu. Njia ya damu yako imeziba. Sasa ile nyama haifi palepale. Inajipikia nguvu bila hewa. Lakini nguvu hiyo ni kidogo sana, ya kuungaunga, na inaacha uchachu. Huo uchachu pamoja na njaa ya hewa ndio moto unaousikia. Ukisimama, damu kidogo inafika, unapoa."

Nikasema, "Kama tembo."

"Mimi tembo silijui, mzee, niache."

"Tembo ukilizibia hewa linafanya kazi lenyewe mle ndani. Linageuka kali."

Akafikiri. "Basi ndugu wa hilo. Ila la mguu wako halilevyi."

"Lingelevya ningekuwa nimeshukuru."

Akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Halafu nikamuuliza, linaweza kufanya kazi hivyo mpaka lini, bila hewa. Akaacha kucheka. Akasema, "Njoo nikubadilishie shuka."

Walikata kidole kwanza. Halafu cha pili chake. Nilihesabu siku kwa kufunguliwa bandeji. Kila wakifungua, daktari, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, alitazama weusi umefika wapi, na kila mara umepanda kidogo. Nikalala nikiwaza karara. Unakata ncha leo, unakata ncha kesho, kijipande kwa kijipande, na siku moja unakuta umefika kwenye shina.

Kwenye kitanda cha kando yangu alilala Musyoka. Alikuwa Mkamba wa kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa na serikali huko juu Shimba, mkulima wa mahindi na machungwa, mtu wa kanisa, mfupi, ana mabega. Ugonjwa wetu ni mmoja, mguu wake wa kulia, wangu wa kushoto. Alisema tukiunganishwa tutapata mtu mmoja mzima na mtu mmoja wa kutupa.

"Na huyo wa kutupa anakunywa pombe," akasema.

"Na huyo mzima anasali kwa kelele," nikamjibu.

Simu yake ililia wimbo wa kanisa, na ikilia wodi nzima iliamka. Alikuwa mvutaji kama mimi. Daktari alituambia sote wawili kwamba sigara ndiyo iliyoziba zile njia, kwamba kila moja ni kukaza kamba. Sisi tukasema ndiyo daktari. Mchana tukatoka kwa magongo mpaka nyuma ya chumba cha kufulia, tukawasha. Nasema ukweli kwa sababu wewe unayesoma labda unayo moja mkononi. Tulisimama pale, watu wazima, miguu yetu inanuka, tunakaza kamba.

Hapo ndipo tulipopatana. Daktari alikuwa amemwambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba njia haizibuliki tena, kwamba mguu ukatwe chini ya goti kabla weusi haujavuka, na ukivuka itakuwa juu ya goti, na baada ya hapo hakutakuwa na pa kukata. Upasuaji wa Musyoka ulikuwa Alhamisi, wangu ulikuwa unaningoja mimi nitie sahihi.

"Mimi siwachi mguu hapa," Musyoka akasema. "Kule kwetu mtu wa mguu moja hawezi chunga shamba. Vijana wangu watagawana kama bado napumua. Alhamisi asubuhi naenda. Wewe je?"

Mimi nikawaza mnazi. Mtu wa mguu mmoja hapandi vidato. Na ile sauti ya baba mkwe. Nikamwambia, "Tutaenda pamoja."

Tukashikana mikono.

Kaka yangu alikuja kutoka bara na maneno ya mganga wa Samburu, ile ya kwetu Kinango, akasema mguu ulichezewa, kuna mtu aliona minazi yangu inatoa kuliko yake. Mbeyu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, huo mguu aliufunga yeye mwenyewe. Nilikuwepo." Kaka yangu akakasirika, akaenda kungoja nje. Binti yetu Kache akalia kwenye simu. Mbeyu hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akinimenyea chungwa, chungwa la Musyoka, na akaniambia bila kunitazama, "Nimesikia mmepanga kuondoka."

Nikauliza nani kamwambia.

"Wodi ina watu thelathini, nyinyi mnanong'ona kama mnauza mbuzi." Akanipa kipande cha chungwa. "Baba yangu alipenda miguu yako. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema mengine."

Hilo tu. Akaenda kuosha kisu.

Jumatano alasiri sista Zainabu akaja kufungua bandeji. Mimi sikuwa nikitazama siku zote, nilikuwa nageukia dirisha. Siku ile nikatazama. Ngozi ya shavu la mguu ilikuwa imevimba, inang'aa, imekaza. Nikaigonga kwa kidole kabla hajanizuia, na nikasikia vidole vyangu vikikumbuka. Ulikuwa ule mtungi. Ule wa mlima wa Kwale. Kimya kwa nje, na ndani kitu kisicho na hewa kinafanya kazi, kinafanya kazi, wala hakitaacha mpaka kifuniko kiruke. Na mara hii aliyefungwa nacho nilikuwa ni mimi.

Nikasema, "Sista, lete karatasi."

Jina langu lina herufi tano. Zilinichukua muda. Mbeyu alisimama nyuma yangu akizitazama zote tano zikiandikwa.

Nitakuambia upesi yaliyofuata, kwa sababu ndiyo watu huniuliza. Walinikata kabla masika hayajaanza. Mvua kubwa ilinikuta nimeshafika nyumbani. Niliamka nikiwa na kiu, na mguu ambao haupo ukaniwasha kwenye vidole, na huwasha mpaka leo mvua ikitaka kunyesha. Kwa wiki nyingi sikuweza kuitazama kotama yangu, Mbeyu akaificha kwenye paa. Nilichekwa na watoto, halafu wakazoea. Nilijifunza kwenda chooni, jambo ambalo hakuna atakayekusimulia, na lina siku zake za kulia. Siku hizi nina mguu wa plastiki, unalia kwik kwik kwenye mchanga. Ninasuka ukindu na kuwauzia wagema. Sigara niliacha siku ile ya karatasi, si kwa ushujaa, nilikuwa siwezi tena kusikia harufu yake bila kuona ule mtungi. Mguu uliobaki nauosha kila asubuhi, Mbeyu anaukagua kidole kwa kidole kama mwalimu. Una joto. Ni jambo dogo kumwambia mtu, kwamba mguu wako una joto, lakini mimi ndilo ninaloshukuru kwanza nikifungua macho.

Na wewe, ukiona unawatafuta watu wa kuwasalimia njiani, nenda hospitali wakati bado unafika mnazi wa tisa.

Nimekuwa nikizunguka, najua. Lililonikalisha niandike ni Alhamisi ile.

Musyoka aliamka mapema, akavaa shati lake la kanisani. Suruali aliipasua kidogo chini ili bandeji ipite. Akaja kitandani kwangu na mfuko wa plastiki mkononi.

"Mzee wa pombe. Twende."

Nikamwambia, "Nimetia sahihi."

 Nilidhani atatukana.

"Tulishikana mikono," akasema.

"Tulishikana. Musyoka, kaa. Mguu wako umevimba kama wangu. Ugonge usikie."

"Mimi si karara, mzee." Habari ya ukindu nilikuwa nimemsimulia. Akaweka machungwa mawili yaliyobaki kwenye kabati langu. "Hizi ni za mama Kache. Usivute peke yako huko nyuma."

Sista Zainabu akamfuata mpaka mlangoni mwa wodi, akamsihi, akamwita baba, akamwambia kwamba daktari anakuja sasa hivi. Musyoka akamjibu kwa heshima zote, "Asante sista, Mungu akubariki," na akatoka.

Dirisha langu lilitazama njia ya kuelekea getini. Nikajiinua kwa viwiko. Nilimhesabia hatua bila kutaka, mguu ule niliujua kama wangu. Hatua ishirini, nikasema sasa unawaka. Akasimama kwa mama anayeuza chai, akamwamkia, akaonekana anamuuliza habari, na yeye si mtu wa pwani, hakuwa na desturi ya salamu ndefu. Akapoa. Akaenda hatua kumi na tano. Akasimama kwa mfagiaji. Alicheka na mfagiaji, nikamwona mabega yake. Akaenda kumi. Akasimama kwa askari wa getini, na hapo akakaa sana, kaegemea nguzo, anaongea, anaongea, na askari anaitikia kwa kichwa.

Kisha akajisukuma kutoka kwenye nguzo, akahamishia mfuko mkono wa pili, akageuka upande wa barabara kuu. Ukuta ukamficha.

Nilingoja. Walipokuja kunichukua na kitanda cha magurudumu bado nilikuwa nimegeukia dirisha. Nikawaambia wangoje kidogo, labda amesimama tu nyuma ya ukuta anamsalimia mtu.

Hakurudi.